Nesi na Joto la Saa Nane

Usiniulize Nesi alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana hata yeye ukimuuliza alikuwa anakujibu, "Mimi sikuzaliwa, niliajiriwa." Nilimkuta mtaani kwetu, pembezoni mwa Bariadi, nilipoolewa, na wakati huo alikuwa ameshastaafu kazi ya hospitali. Jina analo, karatasi zake za pensheni bila shaka zinalijua, lakini mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, tulimwita Nesi. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ua wa minyaa tu, na sauti ya Nesi haikuwahi kuuheshimu ua huo.

Saa tatu asubuhi utamsikia, "Mama Kabula, funga madirisha." Saa kumi na mbili jioni, "Mama Kabula, fungua." Kila siku iendayo kwa Mungu, tangu jua la Agosti mpaka mvua zitulie. Mimi nililelewa kwamba dirisha linafunguliwa kukicha na kufungwa giza likiingia, basi nikaona jirani yangu uzee umeanza kumchezea. Nani anafunga dirisha mchana wa joto?

"Joto liko wapi, ndani au nje?" aliniuliza siku moja.

"Nje, Mayu," nikajibu, maana kwa Kisukuma chetu mama huitwa hivyo.

"Sasa unalifungulia la nini? Linakuja kukuposa?"

Ningemcheka maisha yangu yote kama si Kabula. Kabula ni mwanangu wa kwanza, na ana selimundu, ile ambayo wengi tunaiita sikoseli. Anayeijua hahitaji kuelezwa, asiyeijua namwombea asiijue. Mtoto akipungukiwa maji, akizidiwa na joto au akipigwa na baridi ya ghafla, damu inaanza kukwama kwenye mishipa na maumivu yanaingia kwenye mifupa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Tangu ana miaka miwili mpaka tisa niliijua wodi ya watoto kuliko nilivyoijua sebule yangu. Nilijua kitanda kipi chaga yake imevunjika. Na nilijua kwamba miezi ya kabla ya mvua, bati linapolia mchana kwa kutanuka, ndiyo miezi ya sisi kulazwa. Sikuwa naomba gari wala shamba. Nilikuwa naomba miezi hiyo ipite mara moja tu na mwanangu akiwa nyumbani.

Nesi alikuwa mtu wa vituko, na wala sisemi kwa kumdharau, yeye mwenyewe alijua. Saa nane mchana, wakati mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta, yeye alikuwa anakunywa chai ya moto yenye tangawizi, amevaa sweta la kijani la kazini. Alikuwa anazima taa nyuma yako kabla hujamaliza kutoka chumbani, lakini redio yake haikuzimwa hata siku ya msiba. Alikuwa mtu wa sayansi, anakueleza hewa ya moto inapanda na ya baridi inashuka mpaka unaiona kwa macho, ila ukishika ufagio jua likishazama anakunyang'anya. Nikamuuliza kwa nini mtu aliyesoma anaogopa kufagia jioni. Akasema, "Sikusoma hadi huko." Na hapo mazungumzo yakaisha.

Kusifia hakujua. Jamaa mmoja wa mtaa wa juu alimaliza nyumba yake, bati jekundu, vioo vikubwa upande wa magharibi vinavyong'aa mpaka barabarani, akatualika tuje kula pilau. Wageni wote tukazunguka tunasema hongera, hongera. Nesi akauwekea kiganja ukuta wa magharibi, saa kumi jioni hiyo, akakaa nao kama anayempima mgonjwa homa. Halafu akamgeukia mwenye nyumba.

"Baba, hongera. Umejenga tanuri zuri sana."

Watu walitazama sahani zao. Lakini mwaka haukuisha, yule jamaa alikuja mwenyewe kwa Nesi, kofia mkononi, kuuliza afanyeje.

Nyumba ya Nesi mwenyewe ilikuwa ya bati kama zetu, ila bati lake alilipaka chokaa nyeupe kila mwaka mwezi wa nane. Wageni walikuwa wanadhani ni kwa mganga. Mvua ikija chokaa inachujika, wakamwambia anapoteza nguvu zake bure. "Mvua ikija na joto limeondoka," alijibu. "Nguo ya harusi nayo unaivaa siku moja." Juu kabisa, pale ukuta unapokutana na paa, alikuwa ametoboa matundu pande zote mbili, kila tundu ukubwa wa matofali mawili, akayazibia wavu. Bibi mmoja mzee wa mtaani akamwonya kwamba anawafungulia wachawi njia. Nesi akafikiri kidogo, akasema, "Mchawi anayepenya hapo atakuwa amekonda mno, mwacheni apite tumpe uji."

Kuhusu nyumba za nyasi za zamani, yeye peke yake pale mtaani ndiye alikuwa hazionei aibu. Alikuwa anasema, "Tulitoka kwenye nyasi tukakimbilia bati, na tulifanya vizuri, nyasi zinavuja na zinaungua. Ila hatukuuliza zile nyasi zilikuwa zinatufanyia nini." Hiyo ndiyo elimu yake yote, ukitaka kuifupisha.

Sasa nije kwenye ugomvi wake na mume wangu, maana bila ugomvi huo nisingekuwa na la kusimulia.

Baba Kabula ni mkulima wa pamba, shamba lake liko Sapiwi, na mkulima wa pamba huku kwetu anailaza pamba yake ndani ya nyumba. Akivuna haiachi nje hata siku moja, anaogopa wezi na anaogopa mvua ya kushtukiza. Chumba cha Kabula ndicho kilikuwa kikubwa, basi kila mavuno pamba ilikuwa inamwagwa humo, inapanda inapanda mpaka inafunika dirisha, mtoto anabakiwa na kitanda chake na njia ya kupita. Mwaka ninaousema Baba Kabula alikuwa anasubiri bei ipande. Septemba ikatukuta pamba bado imejaa. Kabula akaanza kulalamika miguu.

Nesi alikuwa ameshasema mara tatu juu ya minyaa, "Mtoeni mtoto kwenye pamba." Baba Kabula akajibu, kwa heshima lakini akiwa amekaza shingo, "Mayu, hiyo pamba ndiyo inamlipia dawa." Na alikuwa anasema kweli, hapo ndipo palipouma. Mume wangu si mtu mbaya. Alimpenda mwanawe kwa njia aliyoijua, na njia aliyoijua ilikuwa kununua kitu.

Akanunua kiyoyozi. Kikuukuu, alikitoa Mwanza, kikaja kimefungwa kwenye blanketi juu ya basi kama maiti ya mtu mkubwa. Akakifunga sebuleni, akaweka godoro la Kabula pale chini, akaita majirani waone. Kwa kweli sebule ilipoa. Mita ya luku ikaanza kulia kila baada ya muda mfupi, lakini ilipoa. Siku ya tatu Kabula alirudi kutoka shuleni saa nane, ametembea juani, fulana imelowa jasho, akajitupa kwenye godoro mbele ya ule upepo akalala. Mimi nilikuwa stendi nauza chapati. Niliporudi nilimkuta amejikunja, anatetemeka, anashika magoti na kusema, "Mama, mifupa."

Tulilazwa siku kumi na moja. Hizo sizisimulii.

Nesi alikuja wodini siku ya pili. Manesi wa sasa walisimama kumpokea kama mkuu wa shule. Akamkuta Baba Kabula ameketi kwenye benchi la nje, ameinamisha kichwa, na mimi nikajua atamhurumia. Wapi. Alisimama mbele yake akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo ilikuwa ya hatari, "Baba Kabula, mtoto huyu si nyama ya buchani. Hatunzwi kwenye barafu. Mwili wake haupendi joto na haupendi kushtuliwa. Anataka nyumba iliyotulia." Halafu akaketi kando yake, akafungua chupa ya chai, akammiminia kikombe cha kwanza yeye.

Tuliporudi nyumbani hakugombana tena. Alikuja na visosi viwili. Katika kila kimoja aliweka donge la mafuta ya kupikia, yale ya mgando, sawa na yai la kuku. Kimoja akamkabidhi Baba Kabula akiweke chumbani kwa Kabula, juu ya kitanda, kando ya ile pamba. Kingine akakiweka sebuleni kwake. Akamwambia, "Saa nane nenda ukaangalie mwenyewe. Mimi sitasema kitu."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Kipimajoto alikuwa nacho cha kazini, lakini alisema namba zinamwacha mtu palepale, mafuta kila mtu anayaelewa. Saa nane Baba Kabula akaingia chumbani kwa mwanawe, akatoka na kisosi mkononi. Mafuta yalikuwa yanacheza kama maji. Akavuka ua, akaingia kwa Nesi. Lile donge lingine lilikuwa limekaa vilevile, limetoa jasho kidogo tu pembeni. Hapakuwa na feni mle, wala taa haikuwashwa. Alisimama hapo na visosi vyake viwili kwa muda mrefu, nikimwona kupitia mlangoni, na Nesi kweli hakusema kitu, alikuwa anasikiliza redio.

Mume wangu alirudi akaanza kuitoa pamba. Hakuita kibarua. Aliitoa peke yake, gunia kwa gunia, mpaka jioni, na kesho yake akaenda kuiuza kwa bei iliyokuwepo. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa, na nilimwambia hivyohivyo.

Sasa Nesi akaingia kazini. Nilifikiri ataanza na paa. Akaanza na mimi. Chapati zangu na maharage nilikuwa napika kwa mkaa kwenye chumba cha nyuma, tangu alfajiri, na chumba hicho kimepakana na cha Kabula. Nesi akauwekea kiganja ukuta wa katikati, akaniita na mimi niweke. Ulikuwa wa moto.

"Mama Kabula, ukuta huu unapika pande zote mbili."

Nililia. Miaka yote nililaumu bati, nililaumu jua, siku nyingine nilimlaumu Mungu, kumbe na mimi mwenyewe nilikuwa nakoleza moto. Nesi aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Basi. Toa jiko nje." Tukajenga kibanda uani siku hiyohiyo. Akanifundisha na maharage: yachemke vizuri kwanza, halafu sufuria unaifunika na kuizungushia mablanketi kwenye kapu, yanajiivisha yenyewe. Mkaa wa siku mbili ukawa wa siku tano.

Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana, Baba Kabula alisimamisha nguzo na kuzifungia mabua ya mtama kutoka chini mpaka juu, hatua moja kutoka ukutani, ili upepo upite katikati. Matundu ya juu yakatobolewa, na bibi wa wachawi akaja kutuonya na sisi pia. Chini ya bati tukatandaza magunia yaliyoshonwa, tukayapaka chokaa, yakawa dari. Nesi akasisitiza, "Juu ya dari acheni tupu. Hewa ndiyo godoro." Kisha akaenda msibani Maswa kwa siku nne.

Siku nne hizo Baba Kabula alikuwa anatembea chini ya lile dari anatazama juu. Mkulima hawezi kuona nafasi tupu ndani ya nyumba akatulia. Akakumbuka maharage yangu yanavyofunikwa mablanketi, akasema kama blanketi linazuia joto lisitoke basi pamba italizuia lisiingie. Akili hiyo si mbaya. Ila pamba aliyokuwa nayo ilikuwa masalia ya shambani, bado ina mbegu, na alipandisha magunia matatu. Jamani. Panya wa kata nzima walipeana taarifa. Ukikaa sebuleni unasikia juu wanatafuna mbegu, wanakimbizana, wanafanya mikutano. Siku ya nne gunia la dari likapasuka, panya wawili na pamba yao wakamwangukia mama mkwe wangu akiwa anakula michembe ya viazi.

Nesi alirudi, akatazama juu, akamtazama mume wangu.

"Baba Kabula, umewajengea hoteli, na chakula umewapelekea vyumbani."

Mume wangu alishuka na pamba kichwani na kwenye ndevu, akaanza kucheka mwenyewe, na Kabula akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu atoke hospitali. Dari likashonwa upya, safari hii likaachwa tupu.

Chokaa ya paa alitaka kuipaka Nesi kwa mkono wake. Tulimkataza, umri umekwenda, akatuuliza nani kati yetu amewahi kupanda bati bila kulitoboa. Akapanda amevaa sweta, akatembea juu ya mistari ya misumari, pale penye mbao chini yake, kama anavyotembea wodini, na kutoka juu alikuwa anatuamuru sisi wa chini, ndoo, brashi, ndoo. Watu wa barabarani walisimama. Alipomaliza, bati letu lilikuwa jeupe kama lake.

Oktoba ikaingia. Ukweli nausema, nilikuwa na hofu kuliko mwaka wowote, maana sasa tulikuwa tumefanya kila kitu na kama ingeshindikana kusingekuwa na la kulaumu. Kila saa nane nilikuwa naenda chumbani kwa Kabula kutazama kisosi. Donge limekaa. Kesho yake, limekaa. Ilikuja siku umeme ukakatika, ukakaa siku tatu, na wenye feni wote wakahamia nje chini ya kivuli chochote walichokipata. Kwetu tulikuwa tumefunga madirisha na mapazia, Kabula anafanya hesabu mezani na chupa yake ya maji, na akina mama watatu wa jirani wamekaa na watoto wao wachanga kwenye mkeka. Mmoja aliniuliza kiyoyozi kinatumia betri gani. Nikamwonyesha kilipo. Kilikuwa uani, kuku ametagia juu yake, na mpaka leo anatagia hapohapo.

Novemba ilipoanza mvua kubwa ilipiga saa tisa mchana. Kabula alikuwa hajalazwa. Septemba ile ya kiyoyozi ndiyo iliyokuwa ya mwisho mwaka ule, Oktoba yote alikwenda shule. Nilitoka nikasimama uani katikati ya mvua kama mwehu, nikainua mikono, nikawa nasema tu asante kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, sijui namwambia Mungu au Nesi. Nesi alikuwa barazani kwake anaangalia chokaa ikichujika.

"Mama Kabula, ingia ndani," akasema. "Mtoto atakuiga."

Asije mtu akasema nimesema nyumba inatibu. Nesi mwenyewe angenifuata kunikaripia. Kabula anameza dawa zake kila siku, kliniki haachi, maji anakunywa, na mwaka uliofuata malaria ilimlaza siku mbili. "Dawa ni dawa," Nesi alikuwa anasema. "Nyumba kazi yake ni kutomchokoza." Lakini mafundi wa huku sasa wakikuta magunia juu wanaita dari la Nesi, na mwezi wa nane ukiutazama mtaa wetu kutoka juu utaona mabati meupe mengi, hata la yule jamaa wa tanuri.

Miguu ilipoanza kumkatalia, mpwa wake wa kike alimchukua akaishi naye Lalago. Mtaa ulimsindikiza kama harusi. Septemba iliyopita mimi na Kabula tulipanda basi kwenda kumwona. Kabula sasa yuko kidato cha nne, amenipita urefu, anasema anataka kusomea uuguzi na mimi najifanya sijui ametoa wapi.

Tulifika mchana. Tulimkuta kitini, amekonda, sweta linamzidi. Na pembeni yake, jamani, feni inazunguka kwa kasi yake yote. Nilisalimia, "Mwadila, Mayu," huku macho yangu yako kwenye feni. Akaniona.

"Ni ya inzi," akasema.

Sikubishana. Tulikaa, tukapewa chai, akauliza mtaa mzima mmoja mmoja, nani amejenga, nani ameoa, nani bado anafungua madirisha mchana. Kisha akamwita Kabula karibu. Akamshika kifundo cha mkono, akamtazama weupe wa macho kwa kuvuta kope chini, kama alivyomfanyia tangu mdogo, na akamuuliza swali ambalo kila nesi humuuliza mgonjwa wa sikoseli.

"Mara ya mwisho ulilazwa lini?"

Kabula akafungua mdomo. Akafikiri, akanigeukia mimi. Na mimi, niliyekuwa najua kila tarehe, kila wodi, kila dripu, nikaanza kutafuta kichwani. Ilikuwa kabla hajaingia sekondari? Au ni ile ya malaria? Nikatafuta tena.

"Sikumbuki, Bibi," Kabula akasema.

Nesi hakumwachia mkono. Machozi yalimtoka, mimi sikuwahi kuyaona machozi yake, na hakuyafuta. Akapaza sauti, ile sauti yake ya zamani, kumwita mpwa wake aliyekuwa uani.

"Umesikia? Njoo usikie. Mwanangu hakumbuki."